Tosinyi, ile zaatari ya mwituni ya Ethiopia: ndani yake kuna nini hasa, na kweli inashusha presha?

Mtanga_Addis

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni mtu wa Tanga ila kwa sasa niko Addis Ababa kikazi, natafsiri, mwaka wa pili huu. Nina swali, na naomba mwenye kujua dawa na kemia anijibu bila kunificha kitu maana linamhusu mama yangu mzazi.

Mwaka jana mwezi wa kumi tulisafiri na wenzangu wa kazini kwenda upande wa Debre Sina, ile barabara inapanda mpaka unavuka mita 3,000 pale Tarmaber, baridi ya kukata masikio. Tukashuka kunyoosha miguu. Pembeni ya barabara kuna majani mafupi yametanda chini kama mkeka, hayafiki hata kifundo cha mguu, vijani vyenyewe vidogo karibu sawa na punje ya mchele, vimaua vya zambarau iliyopauka, mi nikakanyaga bila kujua na hapohapo harufu ikanipanda puani, kali, inafanana na zaatari ya dukani kwetu ila imezidi nguvu, mpaka jioni kiatu bado kinanukia. Dereva wetu akaniambia hiyo ndo tosinyi, kwao haikosekani jikoni, wanatia kwenye shiro (mchuzi wa unga wa dengu), wanasaga na berbere (mchanganyiko wa pilipili na viungo), wanatia kwenye chai. Akasema mama yake anaichemsha kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa kichwa, na zaidi ya yote kwa presha. Kuna akina mama walikuwa wanauza mafungu, nikanunua matano, mengine yaling'olewa na mizizi yake na udongo juu.

Desemba nikaenda likizo nikampelekea mama. Mama ana presha tangu 2016, anatumia amlodipini, vidonge vya kushusha presha. Nikamwambia maneno yote ya dereva, na kosa langu ndo lilianzia hapo. Akaipenda mno, asubuhi kikombe, jioni kikombe. Sasa mwezi wa pili dada yangu ananipigia analia, kumbe mama kaacha vidonge karibu mwezi mzima, wamempima kliniki ikasoma 178 kwa 104. Ukimuuliza anasema anajisikia mwepesi, analala vizuri, kichwa hakimuumi, kwaiyo vidonge vya nini.

Naomba kujua. Ndani ya jani hili kuna nini? Ni kitu kimoja na zaatari au thaimu ya supamaketi? Presha inashusha au haishushi? Na je anaweza kuendelea kuinywa akirudi kwenye vidonge, maana nikimkataza kabisa hatanisikiliza. Nawaomba tu msimseme vibaya mama yangu, ni mtu mzima na alifanya vile kwa kuniamini mimi mwanawe.

DawaNaMizani

Pole sana dada/kaka. Mimi ni mfamasia, niko Mombasa, kazi hii nina miaka 19 nayo. Kabla ya kemia yoyote: mama arudi kwenye vidonge vyake leo, na aonwe na daktari wake wiki hiihii wampime tena, wasije wakakuta dozi ya zamani haitoshi. 178 kwa 104 si ya kusubiri. Na kama ataanza kichwa kuuma ghafla vibaya, mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kumpotea au kifua kubana, hapo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

Haya sasa jani lenyewe. Tosinyi kwa jina la kitaalamu ni Thymus schimperi, imepewa jina hilo kwa Schimper, Mjerumani mtaalamu wa mimea aliyefika Ethiopia 1837 akaishi hukohuko mpaka alipofariki 1878. Inaota nyanda za juu za Ethiopia, kuanzia kama mita 2,200 hadi karibu 4,000, huko Shewa, Wollo, Gondar, na kule Bale. Ina ndugu yake wa kaskazini, Thymus serrulatus, na watu wengi wanaziita jina moja sokoni. Thaimu ya supamaketi ni Thymus vulgaris, ya kutoka pande za Mediterania, ambayo hata Kenya inalimwa mashambani na kupelekwa Ulaya. Kwaiyo ni ukoo mmoja ila si mmea mmoja.

Harufu iliyokupanda puani ni mafuta. Ukilitazama jani la thaimu kwa kioo cha kukuzia utaona vidoti vinang'aa kama vitone vya asali, ni vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya jani, ndani yake ndo kuna mafuta hayo, ukikanyaga unavipasua. Ndo maana ulinusa baada ya kukanyaga na si kabla.

Ndani ya mafuta hayo mabwana wakubwa ni wawili, thimoli na kavakroli. Ni mapacha kabisa, kila mmoja ana kaboni 10, haidrojeni 14 na oksijeni moja, tofauti ni mahali tu ile oksijeni na haidrojeni yake ilipojishika kwenye duara la kaboni. Lakini tofauti hiyo ndogo unaiona kwa macho, thimoli safi ni chenga ngumu zinazong'aa kama sukari ya mawe, inayeyuka ukifika nyuzi 50 hivi, kavakroli iko majimaji hata mezani. Nilipokuwa mwanafunzi tulifunguliwa chupa ya thimoli maabara, chumba kizima kikanuka dawa ya kusukutua mdomo, na si bahati mbaya, ile Listerine ya zamani inayochoma ina thimoli ndani yake. Ukigusa chembe kwenye ulimi inachoma kwanza halafu panakufa ganzi. Wenzao wadogo ndani ya mafuta ni gama-tapineni na para-saimeni, na hawa si wapitanjia, gama-tapineni ndo mmea unaanzia kutengenezea thimoli au kavakroli.

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndo watu wanapotea. Tosinyi ya mlima huu na ya mlima ule hazifanani mafuta. Zimepimwa za sehemu mbalimbali za Ethiopia, kwingine kavakroli ndo imejaa, kwingine thimoli. Jani moja, jina moja, kwa macho huwezi kutofautisha. Jambo hili limechunguzwa sana Ufaransa ya kusini karibu na Montpellier, kwenye thaimu ya kawaida, kuna bonde linaitwa Saint-Martin-de-Londres ambako baridi ya majira ya kipupwe hujikusanya chini, basi mle ndani thaimu yake ilikuwa haina kabisa hizi kali, ina linaloli na jamaa zake wenye harufu laini ya maua, ukipanda tu kwenye vilima vinavyozunguka bonde unakuta thimoli na kavakroli. Thaimu zenye hizo kali haziwezi ule ugandaji wa mapema, zinakufa. Na kwa vile baridi kali zimepungua miaka ya karibuni zile kali zimeanza kushuka bondeni. Mimi naona ni kitu cha ajabu sana, hali ya hewa imeandikwa ndani ya harufu ya jani.

Halafu kuna sehemu ya pili ambayo hainuki: asidi ya rozimarini, na zile flavonoidi, jamii ya kemikali za mimea, kama luteolini na apijenini. Hizi zinaingia kwenye maji vizuri. Mafuta hayapendi maji, thimoli inayeyuka kidogo sana, gramu moja hivi kwa lita nzima, na maji yakichemka inaondoka na mvuke. Kwaiyo mama akichemsha sufuria wazi dakika ishirini, jiko linanukia vizuri ila kikombe kimebaki na zile za maji zaidi. Akitaka zote amwagie maji ya moto juu ya majani na afunike.

La presha nitalijibu baadaye nikitoka kazini, linataka nafasi yake.

bint_Maskati

Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat, bibi yangu alizaliwa Unguja ndo maana Kiswahili bado tunacho nyumbani. Huku zaatari ndo maisha, asubuhi chai ya maziwa na zaatari, mtoto akijaa gesi zaatari, mtu akirudi na mafua zaatari, hata mikahawa ya barabarani ile ya chai ya karaki wanakuuliza kabisa unataka ya iliki, ya zafarani au ya zaatari. Siwezi kusema inaponya nini ila kwa tumbo lililojaa mimi naiamini, nimeiona kwangu na kwa wanangu.

Nilichotaka kuongeza ni la jina, maana ndugu zangu wa Mombasa na Unguja wanaagiza kwangu na kila mara tunachanganyana. Zaatari kwa Mwarabu si mmea mmoja. Ya Sham, yani Palestina na Lebanoni, mara nyingi ni origano ya kwao. Ya Iran ambayo inakuja sana huku Ghuba ni mmea mwingine kabisa unaitwa Zataria. Halafu kuna ile ya kupakia mkate, imechanganywa na ufuta na sumaki (ule unga mwekundu mchachu, si ya kuvuta chuma) na chumvi, nayo inaitwa zaatari vilevile! Shangazi yangu aliwahi kuchemsha ile ya mkate akanywa kwa ajili ya kifua, chai ya chumvi na ufuta unaelea juu. Na fikiria mwenye presha anapewa ile, chumvi yote hiyo. Kwaiyo mnunuzi aulize kabla, ni majani matupu au ni mchanganyiko.

Mama apate nafuu inshallah.

Mzee_wa_Mizizi

Mimi nitasema tofauti kidogo na naomba nisieleweke vibaya. Niko Singida, umri umeenda, baba yangu alikuwa mganga wa miti na mimi nimejifunza kwake. Wazee wetu waliishi na miti hii, Wahabeshi wameinywa hiyo tosinyi kizazi hadi kizazi, hawawezi kuwa wajinga wote. Hospitali ukienda na presha unaandikiwa kidonge cha maisha, mwaka unaofuata viwili, mwaka unaofuata vitatu, miguu inavimba, na hakuna anayekaa na wewe dakika kumi akuulize unakula nini, unalala saa ngapi, una mawazo gani. Huyo mama amesema anajisikia mwepesi na analala. Hilo mbona mnalipita? Mtu akilala vizuri si ni dawa hiyo?

Sisemi aache vidonge. Nasema msiseme jani halina kitu.

DawaNaMizani

Mzee wangu shikamoo. Hakuna aliyesema jani halina kitu, nimejaza ukurasa mzima nikieleza kilichomo. Na hilo la daktari kutokaa na mgonjwa una haki nalo kabisa, linaniumiza hata mimi, mgonjwa anafika dirishani kwangu na karatasi hajui hata dawa ni ya nini. Hata miguu kuvimba ni kweli, amlodipini inafanya hivyo kwa baadhi ya watu, na dawa yake ni kurudi kwa daktari akubadilishie kwa sababu zipo za aina nyingine, siyo kuacha kimyakimya.

Ila kwenye "anajisikia mwepesi" ndo nataka tusimame pamoja mzee. Presha haisikiki. Malaria inasikika, jino linasikika, presha inakaa 180 na mtu anapepeta mchele anacheka. Mgonjwa wangu mmoja alikuja kununua panadoli ya mgongo, nikamwomba nimpime tu, 200 kwa 115, akanibishia kwamba mashine mbovu kwa sababu alikuwa hasikii chochote. Kwaiyo kujisikia vizuri kwa mama ni kweli kabisa, na kulala ni kweli, ila si kipimo cha presha, kipimo ni ile mashine ya mkononi na ilisoma 178.

Sasa tosinyi na presha. Kuna kazi imefanyika Ethiopia, na nzuri. Walichukua mshipa mkubwa wa damu wa simbilisi, kipande chake, wakakining'iniza kwenye maji maalumu ya maabara, wakakifanya kikaze, halafu wakamwagia maji ya majani ya yule ndugu wa kaskazini, serrulatus, na mshipa ukalegea. Mshipa ukilegea presha inashuka, hivyo maneno ya mama wa dereva yana njia ya kueleweka, hayakutoka hewani. Lakini angalia umbali uliopo. Kile ni kipande cha mshipa, dawa imemwagiwa juu moja kwa moja. Mama anakunywa kikombe, kinapita tumboni, kinapita kwenye ini ambalo linaikamata thimoli na kuifunga ili itoke kwenye mkojo, kinachofika kwenye mshipa ni kidogo kiasi gani na kinakaa saa ngapi? Kidonge chake kimepitia maelfu ya watu, tunajua miligramu 5 zinashusha kiasi gani na zinakaa zaidi ya siku nzima. Kikombe cha tosinyi leo ni kijiko kimoja kesho viwili, leo ya mlima huu kesho ya mlima ule, huwezi kumwekea mtu maisha yake juu ya kitu ambacho kipimo chake kinabadilika na fungu.

Pale ambapo thaimu ina ushahidi wa kibinadamu ni kifuani. Ujerumani walichukua wagonjwa 361 wenye mkamba na kikohozi cha makohozi, nusu wakapewa sharubati ya thaimu na aivi (mmea unaotambaa), nusu sharubati isiyo na dawa, matokeo yalitoka 2006: baada ya kama wiki moja vipindi vya kukohoa vilipungua karibu asilimia 69 kwa waliopata dawa na kama 48 kwa wasiopata. Oneni hiyo namba ya pili pia, karibu nusu ya kikohozi kiliondoka chenyewe. Lakini tofauti ipo na ni ya kweli, na shirika la dawa la Ulaya linaikubali thaimu kama dawa ya asili ya kikohozi cha mafua chenye makohozi. Dozi ya chai kule ni gramu 1 mpaka 2 za majani makavu kwenye kikombe cha maji ya moto, mara tatu au nne kwa siku kwa mtu mzima. Gramu 1 ya thaimu kavu ni kama kijiko kidogo cha chai.

Kuhusu kuua vijidudu, hilo nalo ni kweli kwenye kisahani cha maabara, thimoli na kavakroli zinapenya ule utando wa nje wa bakteria zinautoboa, vilivyo ndani vinavuja. Ila kisahani si mwili. Mtu asiniambie anatibu nimonia au taifodi kwa chai hii.

Kwa swali lako Mtanga: ndiyo, anaweza kunywa kikombe au viwili vya kawaida akiwa kwenye amlodipini, mwambieni tu daktari. Ingekuwa anatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ningesema tuongee kwanza. Anayeumwa ngozi au kufura akila origano, mnanaa au mrehani aogope pia, ni ukoo mmoja huo.

Mama_Wawili_Moro

Naomba niseme kitu kuhusu MAFUTA ya kichupa maana humu hakuna aliyeyataja na watu watasoma wakaenda kununua. Mwaka juzi mwanangu wa miaka miwili alikuwa na kikohozi kisichoisha, nikaona kwenye grupu la akina mama wanasifia mafuta ya thaimu, nikanunua kichupa kidogo kwa mtu anayeuza mtandaoni, kimeandikwa asilia asilimia mia. Nikampa matone matano kwenye asali. Nilidhani kama jani ni salama basi mafuta yake ni salama. Jamani. Mtoto alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, akaanza kutapika, midomo na ulimi vikawa vyekundu vyekundu, akawa anapumua kwa shida. Tulimkimbiza hospitali, alilazwa siku mbili. Alipona namshukuru Mungu, ila ule usiku sijausahau na mpaka leo nikisikia ile harufu tumbo linanikaza.

Sitaki mwingine apitie. Kwa mtoto tafadhali msijaribu.

DawaNaMizani

Mama Wawili pole sana, na asante kwa kuandika, nimesikitika kwamba sikulisema hili mapema.

Naomba wote wapige hesabu hii. Majani makavu ya thaimu nzuri yana mafuta kama mililita 12 kwa kilo nzima, hicho ndo kiwango cha chini kinachokubalika Ulaya. Yani gramu 1 ya majani ina mafuta sehemu ya tone tu, na kwenye chai hata hicho hakitoki chote. Matone matano ya mafuta ni majani ya vikombe vingi sana yamebanwa kwenye kijiko kimoja, na mdomo wa mtoto wa miaka miwili ni laini. Thimoli inayotoboa utando wa bakteria haichagui, ikiwa nzito inachoma na utando wetu sisi.

Na hili si jipya. Mwaka 1909 kusini mwa Marekani ilianzishwa kampeni kubwa ya kuondoa minyoo ya safura kwa pesa za Rockefeller, na dawa waliyotumia ilikuwa thimoli yenyewe, chenga, kwenye vidonge, ikifuatiwa na chumvi ya kuharisha ili itoke upesi pamoja na minyoo. Wagonjwa walikuwa wanaonywa kwa ukali kabisa siku hiyo wasiguse pombe wala chakula cha mafuta, kwa sababu thimoli inayeyuka kwenye mafuta na pombe, ikiyeyuka inaingia kwenye damu nyingi kwa mpigo, inakuwa sumu. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Lakini mstari kati ya kumuua mnyoo na kumdhuru mtu ulikuwa mwembamba, ndo maana zilipopatikana nyingine ikaachwa.

Kwaiyo mafuta ya kichupa hayanywewi. Si mtoto, si mjamzito, si mtu mzima. Wala usimpake mtoto mdogo kifuani au puani yakiwa mazima.

Shume_shambani

Habari zenu. Mimi nalima mboga huku Lushoto upande wa Shume, nimevutiwa na uzi huu. Swali langu kwa Mtanga, hizo mbegu zinapatikana? Huku kwetu Shume tunakaribia mita 2,000, baridi ipo, thaimu ya kawaida nimeotesha kwenye tuta la mawe na inakwenda vizuri tu, isipokuwa mvua za masika zinaiozesha mizizi kama udongo haupitishi maji, inataka kokoto na jua. Naikata juu na mkasi naacha karibu nusu ya shina, inachipua. Naianika ndani ya banda kwenye wavu, kivulini, ukianika juani inabaki nyasi, mafuta yote yamekwenda.

Halafu jingine, huku tuna kivumbasi porini kimejaa tele, bibi alikuwa anatufukiza nacho mafua, je nacho kina hiyo thimoli?

DawaNaMizani

Shume, kivumbasi kina tabia ileile ya kubadilika na mahali. Kuna kinachojaa thimoli na kuna kinachojaa eujenoli, na cha kwetu Afrika Mashariki kilichopimwa Kenya kilikuwa cha eujenoli, ile ile ya karafuu, ndo maana ukikifikicha unapata kama harufu ya karafuu kwa mbali. Fikicha unuse, pua yako itakwambia kabla ya maabara.

Mtanga_Addis

Nimesoma yote mara mbili na nimemsomea dada kwenye simu. Asanteni mno, na wewe Mama Wawili Mungu akukuzie mtoto.

Mrejesho. Mama karudi kliniki, wamemrudishia amlodipini na wamemwongezea kingine kidogo cha asubuhi, Ijumaa ilisoma 146 kwa 90. Daktari safari hii alikaa naye, dada anasema karibu nusu saa, akamuuliza hilo jani likoje, mama akatoa fungu kwenye mkoba akamnusisha. Akamwambia anywe vikombe viwili, asizidishe, na vidonge viwe kwanza.

Mimi nilimpigia nikamwomba msamaha kwamba nilimpelekea maneno ya barabarani kama maneno ya daktari. Akanijibu, "Mwanangu, uliniletea kitu kizuri, mimi ndo nikakipa kazi isiyo yake." Nikakosa la kusema.

Shume, la mbegu nimeulizia. Kuvusha mche au mbegu mpakani kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na Ethiopia wana sheria zao za kulinda mimea yao, kwaiyo sitabeba kwenye begi. Na kusema kweli tangu niliporudi kule Tarmaber mwezi uliopita nimekuwa nikiangalia yale mafungu kwa jicho jingine, karibu yote yameng'olewa na mizizi, na pale nilipokanyaga mara ya kwanza pamebaki udongo mtupu kama wa mlango wa banda. Nilimwuliza yule mama muuzaji kupitia dereva kwa nini hawakati kwa kisu kama unavyofanya wewe na mkasi, akasema kukata kunachelewesha, na asipong'oa yeye atang'oa mwenzake. Safari hii nimenunua kwa mmoja tu aliyekuwa na ya kukatwa, akanidai zaidi kidogo, nikampa.

Na lile la kufunika kikombe mama kalishika kuliko yote. Dada anasema siku hizi baada ya Alasiri anamwagia maji, anafunika na kisahani, anahesabu dakika kumi kwa tasbihi, akifunua anakiinamisha kisahani juu ya kikombe mpaka matone yote ya chini yadondokee ndani, anasema hayo ndo yenyewe.